Masika ya Mashua, Rhotia

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na sikuwa nimewahi kutia mguu katika maji ya ziwa lolote, siku nilipokabidhiwa mashua. Ziwa Manyara nilikuwa nimeliona kwa mbali tu, kutoka juu ya mteremko, kama kila mtu wa Rhotia anavyoliona: utepe mweupe huko chini ambao siku nyingine ni maji na siku nyingine ni magadi. Leo nina karakana yangu hapa Karatu. Mwezi wa tano, kabla wageni hawajaanza kurudi, magari ya watalii hupanga foleni mlangoni kwangu yakiwa na mapaa yanayovuja, nami nayapasua, nayakausha, nayabandika faiba upya. Madereva wananiita Mama Faiba. Gari nililoliziba mimi halirudi na tatizo lilelile, na hilo nalisema bila haya kwa sababu limenigharimu miaka kulijua. Watu wakiniuliza nilijifunzia wapi, huwa najibu Mwanza, maana ndilo jibu linaloeleweka haraka. Ukweli ni kwamba nilijifunzia uani kwa Mzee Sulle, masika moja ya mvua nyingi, na Mzee Sulle tumemzika Jumamosi iliyopita.

Pale msibani, baada ya kurudi kutoka kaburini, nilikuwa nimekaa kwenye benchi na sahani ya wali mapajani mwanamume mrefu alipokuja akasimama mbele yangu. Alivaa koti kuukuu juu ya shuka, na nywele zake zilikuwa zimeanza mvi. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Paskalina, siku hizi unavaa miwani." Hapo ndipo nikamjua. Alikuwa Lekishon. Tulikuwa hatujaonana zaidi ya miaka ishirini. Habari za msiba zilimfikia kwao Olbalbal akiwa malishoni, akatembea hadi barabara kuu, akasubiri gari nusu siku. Mama Flora, mjane wa Mzee, ambaye sasa anatembea kwa kushikwa mkono, alituona tukisalimiana, akaagiza tukae pamoja na tuletewe chai. Tulikaa mpaka watu wengi wakaondoka. Tulizungumza habari za ng'ombe, za watoto, za magoti yanayouma, na katikati ya hayo yote tulikuwa tukiirudia ile masika, huyu akianza sentensi na mwenzake akiimalizia. Tangu siku hiyo mwaka ule haujanitoka. Naona bora niuandike.

Mzee Sulle alikuwa seremala. Utu uzima wake wote aliutumia Mwanza kwenye karakana ya kutengeneza mashua, na alipozeeka alirudi nyumbani Rhotia na mkewe, na nyuma yao likaja lori limebeba mashua ya tanga. Aliachiwa na mwajiri wake, mgeni aliyerudi kwao, ikiwa imeoza ndani kiasi kwamba hakuna aliyeitaka. Ilikuwa ya faiba nyeupe, ndefu kama Fuso, na chini ya sitaha ilikuwa na kichumba chenye vitanda viwili vyembamba na meza ya kukunja. Watu walikuja kuitazama wiki nzima. Kila mtu alikuwa na utani uleule wa Nuhu, na kila mtu alidhani ni wake peke yake. Mzee aliwaitikia wote kwa adabu. Aliikalisha mashua juu ya magogo ya mkaratusi, akaiegemeza kwa nguzo sita, tatu kila ubavu, kila nguzo imekanyaga kipande cha ubao, kisha akatumia mwaka mzima kung'oa mbao zilizooza na kuweka mpya. Nia yake ilikuwa moja: mvua zikiisha na barabara zikikauka, lori lingeirudisha Mwanza, naye angeiingiza ziwani mwenyewe. Mama Flora alikubali kwa sharti kwamba ikifika wakati wa kuvuna, uwanja uwe wazi, kwa sababu mahindi yake hayawezi kukaukia chini ya mashua.

Mimi nilikuwa nakwenda pale kununua maziwa. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka mwezi mmoja kabla na nilikuwa nimefeli, na njia ya maziwa ndiyo pekee niliyoipita bila kuulizwa habari zangu. Asubuhi moja nilimkuta Mzee amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, patasi mkononi, mguu mmoja umefungwa kitambaa. Nilimwamkia, kisha nikamuuliza kitu kilichokuwa kikinisumbua tangu lori lifike: maji yakiingia humo ndani, yanatokea wapi?

"Hayatoki," alisema. "Ndiyo shida yenyewe." Akaweka patasi chini. "Una kazi, binti?"

Nilimwambia nimefeli mtihani.

"Sikukuuliza mtihani. Nimeuliza kama una kazi."

Baadaye aliniambia kwamba kwa mwaka mzima watu walimuuliza itaelea lini, ilikuja na nani, na kama kweli inakwenda bila injini, lakini hakuna aliyeuliza maji yanatokea wapi. Aliponiambia hivyo nilitembea hadi nyumbani nikiwa nimeinua kichwa, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu majina yabandikwe kwenye ubao wa shule. Sasa najua kwamba halikuwa swali la akili nyingi. Lilikuwa swali la mtu aliyezoea kupiga deki jikoni kila bati lilipovuja. Lakini naamini mtu mzima akikupa sababu ya kuinua kichwa, huna haja ya kuipima uzito.

Alinifundisha siku tatu tu, kwa sababu alikuwa anaondoka kwenda kwa binti yake Moshi kutibiwa mguu. Alisema ni kidonda cha msumari kisichotaka kufunga. Tulipanda ngazi, tukashuka ndani ya kile kichumba, akafungua mbao za sakafu, akanionyesha pale chini kabisa, juu ya mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, mahali panapoitwa ngama. Kila tone linaloingia ndani ya mashua, alisema, liingie kwa juu, kwa dirisha au kwa ufa, mwisho wake ni ngamani. Likikaa humo halina pa kwenda, linaanza kula mbao. Zile mbao ndizo zinazoushika mkuku. Zikilainika tena, mashua haifai kuingia majini, na kazi yake ya mwaka mzima imekwisha. Alinifanya nilale kifudifudi, niingize mkono mpaka begani na kupapasa kila kona. Nilitoa kiganja kimejaa vumbi la mbao. "Hivyo hivyo," alisema. "Masika yote nataka utoe vumbi." Asubuhi ya safari alisimama uani akiwa na koti lake la kanisani, akanikabidhi ufunguo wa kile kichumba, akapanda gari bila kugeuka. Mama Flora alisema huwa hageuki, ni desturi yake.

Mvua zilianza wiki ya pili baada ya yeye kuondoka. Watu wa tambarare hudhani wanaijua mvua, lakini mvua ya Rhotia inateremka na ukungu kutoka msitu wa kreta, inakaa, na ule udongo wetu mwekundu unageuka kitu kinachovua watu viatu. Nilikuwa nimeifunika mashua kwa turubai jipya, nimelivuta na kulifunga kwa kamba kila upande, nikaona nimemaliza. Asubuhi iliyofuata turubai lilikuwa limebonyea katikati kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba, limebeba maji ya kuogesha familia, na kamba moja ilikuwa karibu kukatika. Nilikata miti, nikaweka mmoja wa kati kutoka mbele hadi nyuma kama paa la banda, nikalitandika turubai juu yake, na tangu hapo maji yakawa yanateleza yenyewe. Kisha ikaja shida ya majani. Kando ya uwanja kulikuwa na mistari miwili ya miti ya migrivea, na upepo ukivuma majani yake yalipenya chini ya turubai, yakaziba vitundu vya sitaha vinavyotoa maji nje. Nilipanda kila asubuhi na ufagio mdogo. Nilikuwa naipenda kazi ile. Ilikuwa inajibu: ukikosea inakuonyesha siku hiyohiyo, ukipatia inakuonyesha pia.

Lakini mwishoni mwa mwezi wa tatu nilipapasa ngama nikatoa kiganja kibichi. Hayakuwa maji mengi, pengine kikombe. Niliyakausha kwa tambara. Kesho yake kikombe kingine. Nilikagua madirisha, nikakagua tundu la mlingoti ambalo Mzee alilifunga kwa kibati na lami, nikatandaza majivu sakafuni ili nione tone linaangukia wapi. Majivu yalibaki safi, na ngama ikawa na maji. Siku nne nilitembea na mashua ile kichwani. Aliyenitoa kwenye shida ile ni Lekishon. Alikuwa mlinzi wa kambi ya mahema iliyopakana na uwanja wa Mzee, na kwa kuwa msimu huo hakuna wageni, kambi ilifungwa na yeye akabaki peke yake na mahema yaliyokunjwa. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, amekuja Rhotia mwaka mmoja tu kabla, na Kiswahili chake kilikuwa bado kinatembea polepole. Alikuwa akija mchana kwa Mama Flora kuchemsha chai. Nilimweleza. Alipanda, akakaa kimya ndani ya kichumba muda mrefu, nami nikaanza kukasirika kidogo kwa sababu niliona anajifanya fundi. Kisha akapitisha kidole kwenye dari, chini ya sitaha, akanionyesha. Kidole kilikuwa kimelowa.

"Dada, umefunga sana," alisema. "Ni kama basi lenye abiria wengi, madirisha yamefungwa. Inatoka jasho, linateremka kwa kuta."

Nilikuwa nimeziba kila kitu. Hata vile vidirisha vya hewa vya mbele na nyuma, ambavyo Mzee aliniambia nisiviguse, nilikuwa nimevivika mifuko ya nailoni kwa bidii yangu. Niliivua yote, nikainua turubai kiasi cha mkono mmoja pande zote mbili ili upepo upite. Siku ya tatu nilitoa vumbi. Mpaka leo, gari linapoletwa kwangu na mwenyewe anaapa kwamba paa linavuja, kitu cha kwanza ninachofanya ni kupitisha kidole kwenye dari. Nusu ya magari yanayovuja hayavuji. Yamefungwa yakiwa mabichi tu.

Tangu siku hiyo tulianza kula mchana pamoja ndani ya mashua. Jiko la Mama Flora lilikuwa la kuni, na wakati wa masika kuni mbichi hutoa moshi wa kutoa machozi, kwa hiyo alitupakulia chakula kwenye bakuli lenye mfuniko nasi tukapanda nalo juu. Kile kichumba ndicho kilichokuwa mahali pakavu kuliko nyumba yoyote ya jirani. Tuliikunjua ile meza ndogo, tukala makande ya ngwara, jamii ya maharage ya kwetu, siku nyingine viazi na maziwa mgando, huku mvua ikipiga turubai. Lekishon alikula huku akisikiliza maji yanavyoteremka na kuanguka chini, na niliona yanamkera. Mwishowe alisema. Kwao Olbalbal, kiangazi, mama yake na dada zake waliondoka na punda asubuhi kutafuta maji na kurudi jua limeelemea, na ng'ombe walinyweshwa kwa zamu, siku moja wanakunywa na siku moja hawanywi. Hapa yeye analipwa kukaa kando ya watu wanaohangaika kuyafukuza maji. Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayeeleza ugeni wake. Nilimuuliza angependa tufanye nini. Alisema kambini kuna mapipa matupu, meneja hana kazi nayo, tungeweza kuyaweka kwenye mteremko wa turubai. Hatuwezi kuyapeleka Olbalbal, alijua hivyo, lakini angalau ng'ombe wa Mama Flora wangekunywa na yeye moyo wake ungetulia. Tukayaviringisha mapipa manne, tukayapanga mbali kidogo na mashua, na maji tukayaelekeza kwa vipande vya bati. Mama Flora alifurahi, maana hakuhitaji tena kuteremka korongoni na ndoo.

Ndani ya kichumba hichohicho, siku moja nikiwa peke yangu, ndipo niliposikia nisichotakiwa kusikia. Mvua ilianza ghafla, na wanawake wawili waliokuwa wakitoka dukani wakajibanza chini ya ubavu wa mashua. Niliwajua kwa sauti. Walizungumza kwa Kiiraqw, taratibu, kama watu wasio na haraka. Mmoja alisema yule binti aliyefeli siku hizi anashinda humo juu na Mmasai, na hakuna ajuaye wanalinda nini. Mwenzake akasema tumwache, anahurumiwa tu, kwani mashua yenyewe haiendi popote. Sulle mguu wake unakatwa wiki hii, sukari imeula mpaka kwenye kifundo, na mtu mwenye mguu mmoja ataendaje ziwani. Kisha wakaanza kuzungumza habari za bei ya chumvi. Mvua ilipopungua waliondoka, nami nilibaki nimekaa juu ya kitanda kile chembamba, mikono imetulia mapajani, nisijue kama nilie kwa ajili yangu au kwa ajili yake.

Niliteremka nikaenda jikoni. Mama Flora alikuwa anapepeta maharage. Nilimuuliza kama ni kweli. Hakusimamisha ungo. Alisema ni kweli, na Mzee alijua tangu kabla ya kuondoka. Daktari wa Karatu alimwambia mapema. Nikauliza kwa nini hawakuniambia.

"Alikataa," alisema Mama Flora. "Alisema ukijua utaifanya kwa huruma, na kazi ya huruma watu huichoka. Alitaka uifanye kama kazi."

Nilimuuliza, basi mashua itakwenda Mwanza au haitakwenda. Hapo akaweka ungo chini. Alisema yeye amemvumilia mume wake vitu vingi, lakini hajawahi kumsikia akisema atafanya kitu asikifanye. Kama mashua itakuwa kavu, itakwenda. Ikiwa bichi, atakuwa na sababu ya kukata tamaa, na mtu aliyetoka kukatwa mguu hafai kupewa sababu. Alinimiminia chai. Nilikunywa nikiwa nimesimama, kisha nikarudi juu kupapasa ngama, ingawa nilikuwa nimeshaipapasa asubuhi.

Sasa nifike kwenye kosa langu, ambalo sijalisimulia kwa wateja. Mwezi wa nne mvua ilizidi, na mapipa yakawa yanajaa haraka kuliko ng'ombe wanavyokunywa. Kuchota maji na kuyabeba hadi kwenye hori ilikuwa kazi ya mgongo. Siku ya Ijumaa, Lekishon akiwa kambini, nililisogeza pipa moja, nikaliweka karibu na nguzo ya kati ya ubavu wa kushoto, kwa sababu hapo palikuwa karibu na hori na ningepunguza hatua kama kumi. Hatua kumi tu. Jumamosi pipa lilijaa, likafurika, na maji yakamwagika mchana kutwa kwenye mguu wa ile nguzo. Jumapili, watu wakiwa kanisani, nilikuwa nafagia majani juu ya sitaha nilipohisi mashua imesogea. Ilikuwa kama mtu anapohamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Nilikaa chini, kisha nikateremka ngazi kwa uangalifu. Ule ubao chini ya nguzo ya kati ulikuwa umezama kwenye tope, nguzo imeinama, na mashua ilikuwa inaegemea kushoto. Ingelala ubavu, faiba ingepasuka kama yai.

Nilimwita Lekishon. Alikuja mbio, akaweka bega chini ya ubavu, jambo ambalo halikusaidia chochote lakini sikuwa na moyo wa kumwambia. Watu walikuwa wanatoka ibadani, na waliona. Walikuja na nguo zao za Jumapili, wanaume kama kumi na wanawake wengi zaidi, na Mama Flora katikati yao na Biblia yake kwapani. Meneja wa kambi alikuwemo pia. Kila mtu aliona pipa, kila mtu aliona tope. Meneja alimwambia Lekishon, mbele ya wote, kwamba alimwonya kuhusu mapipa ya kambi, kwamba mtu wa porini akipewa kitu cha mjini ndivyo anavyokitumia, na kwamba kesho akusanye shuka zake arudi kwao. Bega la Lekishon lilikuwa bado chini ya mashua. Nilimtazama, naye alikuwa anatazama chini, na nilielewa kwamba anadhani ni yeye. Alidhani wazo lake la mapipa ndilo lililofanya hivi. Alikuwa hajaona kwamba pipa limehama.

Ningeweza kunyamaza. Nakumbuka vizuri jinsi ilivyokuwa rahisi. Mdomo wangu ulikuwa umefungwa tayari. Wale wanawake wawili walikuwa wamesimama pale, wananitazama, na nilijua nikisema, itakuwa ni kitu cha pili nilichofeli mwaka ule, tena mbele ya kanisa zima.

"Pipa nimelisogeza mimi," nilisema. "Ijumaa, yeye hakuwepo. Nilikwepa kubeba maji." Kisha nikaendelea. "Nisameheni baadaye. Sasa hivi nani ana jeki ya lori?"

Mpaka leo sijui ile sauti niliitoa wapi. Lakini mtu mmoja alisema kwa shemeji yake kuna jeki, akapanda bodaboda kuifuata, na wengine wakanigeukia kana kwamba ni jambo la kawaida, wakauliza wafanye nini. Nikawaambia. Wanaume wanne walishika nguzo za kulia zisilegee. Wanawake walileta mawe na kokoto kwa madishi ya kufulia, wakiwa wamekunja vitenge. Mama Flora aliamuru mlango mkongwe wa zizi ung'olewe, ukawa wa kukanyagia jeki isizame. Tulimwaga pipa, tukachimba tope mpaka kwenye udongo mgumu, tukajaza mawe, kisha Lekishon akapiga jeki nami nikiwa nimeweka kiganja kwenye ubavu wa mashua, nikimwambia pampu moja, subiri, moja tena. Ilirudi taratibu. Nguzo iliposimama na kukaza, niliwaambia waache, na hakuna aliyeachia mpaka nilipowaambia mara ya pili. Meneja alisaidia pia. Alitoa koti, akabeba mawe. Alipomaliza alimwambia Lekishon kwamba kesho aingie kazini kama kawaida. Hakuomba radhi, nami sikuwa na nguvu za kumdai. Lekishon alinawa mikono, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ningemwambia Ijumaa yeye angeyabeba yale maji. Nilijua angeyabeba. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Kabla jua halijazama nilipanda, nikafungua sakafu, nikalala kifudifudi. Ngama ilikuwa kavu. Mama Flora alimpigia Mzee simu kesho yake, akamweleza yote, akanipa simu. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Mzee aliuliza kama nimeweka mawe chini ya nguzo zote tano zilizobaki pia, au ile moja tu. Nikasema ile moja tu. "Basi bado una kazi," alisema, na wiki nzima iliyofuata nilikuwa nabeba mawe.

Alirudi mwezi wa sita, baridi ikiwa imeshika na ukungu haupandi mpaka saa nne. Alikuja na magongo mawili na suruali iliyokunjwa na kushonwa kwa chini. Watu walikuwa wamekuja kumpa pole, lakini alipita katikati yao mpaka kwenye mashua, akasimama chini ya ngazi, akaitazama ngazi. Ilikuwa na vipago saba. Kisha akaniambia nipande mimi. Nilipanda, nikaingia, nikapapasa kila kona kama alivyonifundisha, nikatoka nikashuka, nikamfungulia kiganja. Alikichukua kwa mikono yake miwili, akapangusa vumbi kwa kidole gumba polepole, akatikisa kichwa kukubali. Jioni ile alimwambia mkewe, nikisikia, kwamba lori litakuja wiki ijayo na kwamba atakayefuatana na mashua ni Paskalina.

Karakana yake ya zamani ilituma watu wao na kreni ndogo. Lekishon alikuja kuniaga na shuka jipya, ambalo nalitumia mpaka leo, na kati ya yale mapipa manne, ambayo meneja alimwachia Mama Flora, mawili Mama Flora alimpa yeye. Alipata pikapu ya kuyafikisha Olbalbal, na mwaka huu msibani aliniambia moja bado linashika maji. Nilisafiri siku mbili kwenye kiti cha mbele cha lori, nikigeuka kila kona kuitazama. Mwanza niliona ziwa kwa karibu kwa mara ya kwanza, na sina maneno mapya ya kulieleza. Nilitafuta ng'ambo sikuiona. Fundi mkuu wa karakana alifungua sakafu, akapitisha mkono, akauliza nani aliitunza. Nikasema ni mimi. Akauliza kama ningependa kubaki nijifunze faiba, nami nikasema ndiyo kabla hajamaliza, na nilikaa huko miaka mitano.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile waliiteremsha majini saa tano asubuhi. Ilipoelea nilikuwa ndani, nimelala kifudifudi, mkono ngamani, kwa sababu sasa maji yalikuwa chini yetu na sikuyaamini. Hakukuingia hata tone. Nilipanda juu, nikaazima simu ya fundi mkuu, nikampigia Mzee. Alikuwa amekaa nayo mkononi, nadhani, kwa maana iliita mara moja tu. Nilimwambia imeelea. Nikamwambia imekaa sawasawa, haikuinama upande wowote. Kisha akaniomba niishushe simu karibu na maji.

Nililala sitahani, nikanyoosha mkono, nikaishika simu pale mawimbi madogo yanapogonga ubavu. Sikuona dakika zikipita. Fundi mkuu alinitazama, akaona, akageuka akajifanya anafunga kamba. Nilipoirudisha simu sikioni, Mzee Sulle alikuwa anapumua kama mtu aliyetoka kupanda mlima.

"Nimesikia," alisema. Kisha akaongeza, "Sasa funga vifuniko vya juu, mwanangu. Huko nako mvua hunyesha."